Karibu Bila Hodi: Mteja, Mgeni na Maadili ya Mkahawa katika Mtaa wa Kimathi, Nairobi

Utangulizi

Swali linalojadiliwa katika makala haya ni jepesi kuuliza na zito kujibu: je, mtu aingiaye mkahawani, akala, akalipa na kwenda zake, huwa amemaliza deni lake lote? Jibu la haraka ni kwamba amelimaliza. Bei imetajwa, fedha zimetolewa, stakabadhi imeandikwa. Hata hivyo, mtu huyo huyo amepokewa kwa neno ambalo si la sokoni. Ameambiwa, "Karibu." Neno hili limetoka nyumbani, na limekuja na mizigo yake. Makala yanakusudia kuifungua mizigo hiyo na kuona ni ipi inayomhusu mteja na ni ipi isiyomhusu.

Mahali tulipopachagua pa kuliweka swali hili ni Mtaa wa Kimathi jijini Nairobi, pamoja na mitaa inayouzunguka hadi Barabara ya River. Wasomaji wengi wa jarida hili wanaufahamu mtaa huu vizuri mno, na kwa sababu hiyo ndiyo tumeuchagua. Msafiri anayeuzuru mji wa kigeni hula huku na huku kwa kuwa hana budi. Mkazi anayezunguka mikahawa ya mtaa alioupita kwa miaka ishirini anafanya jambo jingine: anajaribu kuyageuza mazoea kuwa ujuzi. Mambo haya mawili aghalabu huchanganywa. Aliyezoea mtaa huijua njia ya kupita. Aliyeujua huweza kueleza kwa nini mlango huu uko wazi kwake na umefungwa kwa mwingine. Tutadai kwamba ujuzi wa namna hii una uzito wa kimaadili, na kwamba fasihi ya Kenya imekuwa ikiushughulikia kwa muda mrefu kabla ya wanafalsafa wetu kuugusa.

Maneno na Mizigo Yake

Tuanze na lugha. Neno mkahawa limetokana na kahawa. Kwa asili yake ni mahali panapotambulishwa kwa kinywaji, na kinywaji hicho, katika miji ya mwambao, hakikuwa cha kuondoa kiu bali cha kuketia. Kahawa chungu iliyopikwa kwa tangawizi na kumiminwa kutoka katika dele hunywewa kwa vikombe vidogo mno. Anayetaka kushiba haagizi kahawa. Kilichouzwa na muuza kahawa wa Mombasa au Lamu, kwa kweli, kilikuwa kisingizio cha mazungumzo. Neno hoteli nalo, katika Kiswahili cha Kenya, limepotoka kwa namna ya kufunza. Lilipowasili lilimaanisha nyumba ya kulala wageni. Mkenya anaposema anakwenda hotelini saa saba mchana, hana nia ya kulala. Anakwenda kula maharagwe na chapati. Kitanda kimeondolewa katika maana ya neno, kikabaki chakula. Kwa mintarafu hii, hoteli yetu ni nyumba ya wageni isiyowalaza wageni.

Neno lenye uzito zaidi ni karibu. Ni neno la kupokelea na pia ni neno la umbali: lililo karibu haliko mbali. Anayemkaribisha mwenzake anamwita apunguze nafasi iliyo kati yao. Lakini katika adabu ya Waswahili, na katika adabu za jamii nyingine nyingi zilizolipokea neno hili, karibu ni jibu. Linatanguliwa na hodi. Mgeni husimama nje, hubisha kwa sauti, husubiri. Kwa kubisha huko anakiri mambo matatu: kwamba mahali hapa pana mwenyewe, kwamba yeye siye, na kwamba mwenyewe ana hiari ya kunyamaza. Anayebisha mara tatu asijibiwe huondoka bila kinyongo.

Mkahawani hakuna hodi. Mteja husukuma mlango na kuingia, na karibu humkuta ndani, wakati mwingine akiwa ameshaketi. Hapa ndipo tunapoliona tatizo letu katika umbo lake safi. Karibu isiyotanguliwa na hodi ni jibu la swali ambalo halikuulizwa. Kitu kingine kimebisha badala ya mteja, na kitu hicho ni uwezo wake wa kulipa, ambao mhudumu ameusoma katika viatu, mkoba na mwendo wake kabla hajafungua kinywa.

Jembe la Siku ya Tatu

Wahakiki wa maadili ya Kiafrika wamependa kuulinganisha ukarimu wa jadi na ubaridi wa soko, na kuupa ushindi ukarimu. Ulinganishi huo unahitaji kutazamwa kwa makini. Methali yetu inasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukarimu huu, basi, una kikomo, na kikomo chake hakikuwekwa kwa uchoyo. Jembe halimfukuzi mgeni. Linambadilisha. Anayepewa jembe ameanza kuwa mmoja wa wenyeji, kwani sasa anashiriki katika kazi inayozaa chakula anachokila. Methali inafundisha kwamba mtu hawezi kubaki mgeni milele bila kumdhulumu mtu fulani.

Tukiitumia methali hii kama kipimo, mkahawa unaonekana kuwa mahali pa ajabu. Mteja anaweza kuja kila siku kwa miaka thelathini, na siku ya tatu haifiki. Hapewi jembe kamwe. Fedha zake zinauahirisha mgao wa kazi bila kikomo. Lakini jembe halikupotea. Liko mikononi mwa mtu mwingine. Limeshikwa na msichana aliyeamka saa kumi alfajiri Kayole au Kawangware ili awahi kupanga viti, na mvulana anayemenya viazi katika chumba kisicho na dirisha, na mkulima wa Nyeri ambaye hajawahi kuketi katika kiti kile. Ipo methali nyingine isemayo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja. Swali ni nani aliyepona. Mkahawani neno mwenyeji limegawanyika: yupo anayemiliki na yupo anayehudumu. Anayetamka karibu siye mwenye nyumba, na mwenye nyumba hasikiki akikaribisha.

Hata hivyo, hatuna budi kuitendea haki bei. Nyumbani mgeni huulizwa jina lake, kwao, na ni mtoto wa nani. Maswali hayo ni ya upendo, lakini ni maswali ya kuchuja. Katika nchi ambamo jina la mtu limewahi kuwa hukumu yake, kama ilivyokuwa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mahali ambapo mtu anaweza kuketi na kula bila kuulizwa yeye ni wa kabila gani si pa kudharauliwa. Mwanamke aliyechoka anaweza kunywa chai peke yake bila kutoa sababu kwa shemeji. Mwana aliyekosana na babake anaweza kupata mahali pa kukaa jioni. Immanuel Kant, katika andiko lake la 1795 kuhusu amani ya kudumu, alidai kwamba mgeni ana haki ya kutopokewa kama adui afikapo katika ardhi ya wengine. Hakudai kwamba ana haki ya kufanywa mwana wa nyumba. Mkahawa unatoa kitu kilicho karibu na haki hiyo ya Kant: utulivu miongoni mwa watu wasiokujua. Huo ni wema wa kweli, na aliyeishi chini ya macho ya kijiji anaujua thamani yake.

Udhaifu wake ni kwamba unanunuliwa. Usawa wa wateja ni usawa wa mifuko.

Mtaa na Majina Yake

Historia ya Mtaa wa Kimathi inaonyesha jinsi milango inavyobadilisha walinzi. Katika enzi ya ukoloni mtaa huu uliitwa Hardinge, kwa heshima ya Sir Arthur Hardinge, kamishna wa kwanza wa Himaya ya Afrika Mashariki. Kwenye pembe yake na barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue imesimama hoteli ya Stanley, ambayo asili yake ni nyumba ya wageni iliyoanzishwa na Mayence Bent mwaka wa 1902, miaka mitatu tu baada ya reli kufika Nairobi. Mkahawa wake wa Thorn Tree ulifunguliwa mwaka wa 1959 kando ya mti wa mgunga, na wasafiri wakazoea kubandika barua zao katika shina la mti huo ili wenzao wazikute. Ni picha ya kupendeza: mti unaowakutanisha watu wasiojuana. Lakini katika sehemu kubwa ya enzi hiyo Mwafrika aliingia katika hoteli za Wazungu akiwa amebeba sinia. Hakuingia akiwa ameshika orodha ya vyakula. Mji mzima ulipangwa kwa rangi, na mwanamume Mwafrika alitembea na kipande.

Baada ya uhuru mtaa ulipewa jina la Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957. Miaka hamsini kamili baadaye, tarehe 18 Februari 2007, sanamu yake ilizinduliwa mahali mtaa huo unapokutana na Mtaa wa Mama Ngina, mbele ya jengo la hoteli ya Hilton, ambayo nayo ilifunga milango yake mwishoni mwa 2022. Kimathi wa shaba ameshika bunduki, na kumzunguka watu wanakunywa kahawa.

Kahawa hiyo inastahili kusimuliwa. Kwa miongo kadhaa ya utawala wa Waingereza, kilimo cha kahawa kilihifadhiwa kwa walowezi. Mwafrika alizuiwa kuipanda kwa madai kwamba angeeneza maradhi ya mimea na kuharibu ubora; sababu isiyotajwa ilikuwa kwamba mwenye kahawa yake hatakwenda kuchuma ya mlowezi. Katika miaka ya 1930 wakulima wachache waliruhusiwa kwa majaribio huko Meru, Embu na Kisii, na ni Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliotungwa vita vya msituni vikiendelea, ulioupanua mlango. Kwa hivyo ruhusa ya kupanda mmea huu ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyokuwa yakipiganiwa na yaliyotumiwa kupoza vita. Anayeketi chini ya jina la Kimathi na kikombe mkononi ameketi katikati ya hoja hiyo, ajue asijue.

Hoja yenyewe haijaisha. Inahitaji kilo sita au saba za matunda mabichi ya kahawa kupata kilo moja ya buni safi. Buni ikikaangwa hupoteza takriban sehemu moja ya sita ya uzani wake. Tukikadiria gramu kumi kwa kikombe, kilo moja ya matunda aliyoyachuma mkulima hutoa vikombe kama kumi na viwili. Katika misimu mingi malipo ya mkulima kwa kilo hiyo hayakufikia bei ya kikombe kimoja katika mkahawa wa katikati ya jiji. Bila shaka, baina ya shamba na meza kuna kinu, mnada, mkaangaji, kodi ya jengo, umeme na mishahara, na haifai kuzungumza kana kwamba vikombe kumi na kimoja vilivyosalia vimeibwa. Lakini uwiano wa namna hii unatosha kutuzuia kusema kwamba stakabadhi imemaliza habari.

Imani Mezani

Tuvuke sasa Moi Avenue, tupite Mtaa wa Tom Mboya, tufike Barabara ya River. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Anayekula pande zote mbili kwa makini atagundua kwamba tofauti kubwa haiko katika chakula. Iko katika imani.

Katika mikahawa ya Mtaa wa Kimathi mteja hula kwanza. Bili huletwa baadaye, imefunikwa, kana kwamba kuitaja bei ni kuvunja adabu. Katika hoteli nyingi za Barabara ya River na viunga vyake mteja hulipa kwanza. Husimama mbele ya karani wa malipo, hupewa kijikaratasi, na kijikaratasi hicho ndicho kinachokula. Yeye amekisindikiza tu. Anayekula chakula cha bei ya juu anaaminiwa, anayekula cha bei ya chini anashukiwa, ingawa akitoroka wa kwanza hasara ni kubwa zaidi. Imani inagawanywa mjini kama maji ya mfereji: wanaopata zaidi ni wale ambao tayari wana matangi.

Kipo kiwango cha tatu, nacho ni kibanda cha mama anayepika githeri au ugali na sukuma wiki kando ya mjengo. Hapa deni linawezekana. Fundi aliyekosa kibarua leo hula, na jina lake huandikwa katika daftari au hukaa kichwani mwa mama. Mama huyu hana kamera wala bawabu, na mtaji wake ni mdogo kuliko wa wote, ilhali ndiye peke yake katika mji mzima anayekopesha chakula. Huenda tukasema anafanya hivyo kwa kuhofia kupoteza wateja. Hiyo ni kweli, lakini haitoshi. Meneja wa Mtaa wa Kimathi ana hofu hiyo hiyo na hakopeshi. Tofauti ni kwamba mama anamjua mtu wake. Anajua anajenga wapi, analipwa lini, na ana watoto wangapi. Kibandani hodi imerudi kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa fundi asiye na fedha hana budi kuomba, naye mama ana hiari ya kukataa. Pale ambapo kukataa kunawezekana, karibu inapata maana yake tena.

Tofauti nyingine ni ya meza. Barabara ya River mteja huketi penye nafasi, akabanana na asiowajua, akaombwa chumvi na kupitishiwa maji. Mtaa wa Kimathi kila kundi lina meza yake, na kumwendea mgeni mezani pake ni utovu wa heshima. Pierre Bourdieu, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu uteuzi wa ladha, alidai kwamba anayeainisha vitu kwa ladha yake anajiainisha yeye mwenyewe. Nairobi inaongeza kwamba ladha hununua umbali. Sehemu ya kile tunacholipia katika kikombe cha bei ghali ni ile nafasi tupu kati ya meza yetu na ya jirani. Neno karibu linatamkwa mahali panapouza umbali.

Ushahidi wa Riwaya

Waandishi wa Kenya hawakungoja nadharia. Meja Mwangi, katika Kill Me Quick (1973), anawaonyesha Meja na Maina, vijana waliosoma na kukosa kazi, wakiujua mji kupitia mapipa ya taka ya vichochoroni. Wao pia wanautalii mtaa wa vyakula, ila kwa upande wa nyuma. Kiswahili kina neno kwa chakula kinachofika huko: makombo. Nyumbani makombo yana mwenyewe, huwekewa mtoto au aliyechelewa, na humwagwa kwa masikitiko. Mkahawani makombo ni taka kisheria kabla hayajawa taka kihalisi. Katika Going Down River Road (1976), Ben na wenzake wanajenga jengo refu liitwalo Development House, na jioni wanarudi kunywea umaskini wao. Mwandishi hahitaji kueleza kwamba wajenzi hawatakaribishwa katika jengo hilo likishakamilika. Msomaji anaona.

Ushahidi mzito zaidi uko katika Petals of Blood (1977) ya Ngugi wa Thiong'o. Theng'eta inapotokea mara ya kwanza katika riwaya hiyo ni kinywaji cha sherehe. Bibi kizee Nyakinyua anajua namna ya kukipika, na wahusika wanakinywa pamoja, kila mmoja akifunguliwa ulimi na kuusema ukweli wake. Wanja na Abdulla wanapoanza kukiuza pamoja na chakula, ukarimu na bei vinaishi nyumba moja kwa muda, na si kwa ubaya. Kisha Ilmorog Mpya inafika, leseni inahama, na theng'eta inakuwa mali ya kiwanda. Wahakiki wengi wamekisoma kisa hiki kama istiari ya ubepari, na wamesoma sawa. Tunachoongeza ni kwamba Ngugi haweki anguko la maadili pale Wanja alipotaja bei ya kwanza. Analiweka pale wapishi walipotenganishwa na kinywaji chao, hata aliyekijua akawa hana sauti juu ya nani anywe na kwa masharti gani. Isitoshe, Wanja mwenyewe tunakutana naye mara nyingi akiwa mhudumu, na ni nadra sana katika riwaya zetu mwanamke kuketi mkahawani kama mteja tu, bila mwandishi kumtilia shaka. Hilo ni pengo la fasihi, na pia ni habari kuhusu jiji.

Meza Kama Baraza

Yamkini msomaji atapinga kwamba tumepuuza fadhila kuu ya mkahawa, yaani mazungumzo. Jürgen Habermas, katika kazi yake ya 1962, aliiona mikahawa ya London ya karne ya 17 na 18 kama mahali ambapo raia walijifunza kujadili mambo ya umma kwa hoja badala ya cheo. Watawala waliihofia. Mwaka wa 1511 kahawa ilipigwa marufuku Makka, na mwishoni mwa 1675 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitoa tangazo la kuifunga mikahawa, akalazimika kulirudisha siku chache baadaye. Kenya nayo ina historia yake ya hofu. Katika miaka ya 1980, wakati vyumba vya mateso vilipokuwa chini ya Nyayo House, watu walizoea kushusha sauti hotelini na kumtazama aliyeketi meza ya pili. Aliyekunywa chai polepole mno alishukiwa kuwa jasusi.

Hoja hii ina nguvu, na mfano bora wa kuithibitisha unatoka katika historia ya fasihi yetu. Katika Decolonising the Mind (1986) Ngugi anasimulia jinsi riwaya yake ya Kikuyu, Caitaani Mutharaba-ini (1980), ilivyosomwa kwa sauti katika baa. Msomaji alipofika penye utamu alikiona chombo chake kitupu, akakiweka kitabu chini, na wasikilizaji wakadai aongezewe ili hadithi iendelee. Hapa bei, kinywaji, sanaa na hoja ya umma viliketi meza moja. Aliyeweza kununua alinunua. Asiyeweza alisikiliza bure. Ni vigumu kufikiria jambo hilo likitokea Mtaa wa Kimathi, na sababu si kwamba watu wake hawasomi. Meza zimetengana mno kwa sauti moja kuzifikia zote.

Hata hivyo tusimkubalie Habermas kila kitu, na tusiipambe baraza yetu ya pwani pia. Mikahawa ya London iliwafungia nje wanawake na maskini. Baraza ya Lamu haina bei, lakini ina ukoo, umri na jinsia. Kuna wapitao mbele yake kila siku ambao hawatarajiwi kuketi. Kila meza ina mlango. Swali la maadili ni kama wanaoketi wanauona mlango huo.

Hitimisho

Tumedai kwamba karibu ya mkahawani ni neno lililoazimwa nyumbani, na kwamba kilichoazimwa hakipotezi mwenyewe. Bei humpa mteja haki kadhaa, zikiwemo haki njema za kutoulizwa na kutohukumiwa kwa jina. Haimpi haki ya kusahau jembe liko kwa nani. Ni lazima tutofautishe hapa hatia na kuhusika. Anayekunywa kahawa hana hatia ya bei ya mnada wala ya mshahara wa mhudumu, na kumtwisha hatia hiyo ni kumpa kisingizio cha kujuta badala ya kufikiri. Lakini anahusika, kama vile mgeni wa siku ya tatu anavyohusika na shamba hata kabla hajashika mpini. Kuhusika huko kunadai mambo ya kawaida: kujua mhudumu analipwa vipi na kama bakshishi inamfikia, kuunga mkono chama chake anapodai haki, kumsikiliza mkulima anapolalamikia mnada, na kulipa kwa fundi na kwa mama wa kibanda bila kukawia, kwa kuwa deni la mnyonge ndilo jepesi kuahirishwa.

Mtu aweza kuuliza kama haya yote yanahitaji matembezi ya mkahawa kwa mkahawa. Tunaona kwamba yanayahitaji. Aliyekula Mtaa wa Kimathi pekee hujiona mtu wa kuaminika, kwani kila mahali amekula kwanza na kulipa baadaye. Akilipa kwanza Barabara ya River ndipo atakapogundua kwamba ule uaminifu hakuwa nao yeye. Ulikuwa wa mtaa. Ugunduzi huu hauwezi kutolewa na kitabu peke yake, ingawa vitabu vyetu vimejaribu. Ni ujuzi wa mwili, wa kusimama kwenye foleni na kijikaratasi mkononi. Kazi inayobaki kwa uhakiki ni kuzisoma upya riwaya za jiji kwa kuuliza, katika kila tukio la chakula, ni nani aliyebisha hodi, ni nani aliyejibu, na ni nani aliyekuwa jikoni wakati huo asiulizwe.